Nyumba ya Shamso si Mahame

Arbia alipoiona alama nyekundu kwenye mlango wa dada yake Shamso, hakuuliza ni nani. Alijua. Aligeukia ua wa Nunow, jirani wa upande wa pili, akatema mate.

Kila mtu katika bulla, mtaa wao, aliijua maana ya rangi ile. Tangu vita vianze, Garissa ilijaa nyumba tupu: wengine wamekimbia, wengine wamefuata mifugo, wengine wamekufa, Mungu awarehemu. Baraza la mji likasema magofu hayo ni maficho ya mashifta, waasi wa porini. Nyumba isiyolala mtu itabomolewa, na kiwanja kirudi kwa baraza. Shamso naye alikuwa Habaswein na mifugo ya mumewe, na barabara imefungwa na wanajeshi. Nyumba ile ya udongo na mabati aliijenga kwa kuuza dhahabu yake ya harusi. Hakuwa na kingine duniani, na alipoondoka alimwachia Arbia aitunze.

Sasa aliyeonyesha kidole ni nani kama si Nunow? Mkalimani wa baraza, mshahara wa serikali, viatu vya serikali! Ghala lake la ngozi lilibanana na ukuta wa Shamso, linanuka hadi msikitini, na kila siku alilalamika kwamba nafasi haimtoshi. Juzi tu Arbia alimwona kwa macho yake akiupima ukuta ule kwa viganja. Anaupima wa nini, jamani?

Jioni Nunow alikuja, akasimama nje ya ua kama ilivyo adabu.

"Abaayo," alimwita hivyo, dada, kwa Kisomali chao, "nimeiona alama."

"Umeiona au umeipaka?"

"Afisa wa baraza alipopita hapa sikuwa naye. Alikuuliza wewe. Ulimjibu nini?"

Arbia akainua kidevu. Kiswahili chake alikiokota kwa madereva wa malori waliokunywa chai yake, na hakuna mwanamke wa bulla aliyemfikia. "Nilimwambia Shamso amehama na ngamia. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ndio huo. Kwetu mtu akihama anafuata mvua, kisha anarudi. Kwa hawa wa bara, aliyehama amekwenda moja kwa moja. Ndiyo maana afisa ameandika kwamba hapa ni mahame."

Loo, msikieni huyu! Ana kazi ya kutafsiri, na bado anataka kumtwika mama wa watu lawama kwa neno moja! Damu ilimchemka Arbia.

"Lala humo kuanzia leo," Nunow aliendelea. "Washa moto, moshi uonekane. Wakikuta mtu wataifuta alama."

Hapo Arbia akauona mtego wote. Moshi katika nyumba ambayo mwenyewe hayupo! Si ndiyo sababu Saynab wa bulla ya pili alichukuliwa na wanajeshi, eti anawapikia mashifta? Huyu ana lake jambo. Anataka Arbia afungwe, nyumba ikose mtetezi.

"Rudi kwa serikali yako," alimwambia, akamfungia mlango.

Walikuja asubuhi: afisa, vibarua wenye sururu, wanajeshi na lori lao. Nunow alikuwa nyuma ya afisa. Arbia alikuwa ameketi kizingitini pa Shamso, mlango ameufungua wazi. Maneno alikuwa ameshayapanga, lakini mwanajeshi aliposogea na bunduki yake, yote yakamruka.

"Mama, kuna mtu analala humu?" afisa aliuliza.

Akisema yupo, yatamkuta ya Saynab. Akisema hayupo, sururu.

"Yupo," akasema Nunow. "Mimi ndiye ninayelala humu. Wenyewe wamenipa niitunze."

Alaa! Mchana kweupe! Mbele ya watu, mtu anajitwalia nyumba ya dada yake! Arbia akaruka, akasahau bunduki, akasahau kila kitu.

"Mwongo! Huyu mwongo! Hapana mtu nalala hapa! Hata siku moja! Nyumba iko tupu, yeye nataka kuiba tu!"

Afisa akamgeukia Nunow taratibu. "Mkalimani wangu mwenyewe. Unanidanganya kwa ajili ya nyumba tupu. Unamficha nani humu?"

Nunow aliikodolea macho bunduki ya mwanajeshi. Arbia alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuona mwizi aliyefumaniwa. Aliona mtu mwenye hofu, aliyejua tangu mwanzo jibu lile lingeweza kumfikisha wapi.

"Bwana, ngoja," alisema. "Yeye narudi. Shamso narudi..."

"Mama, umeshasema," afisa alimjibu, akawapungia vibarua mkono.

Wanajeshi walimshika Nunow wakampandisha lorini. Sururu ya kwanza ikaingia ukutani, udongo ukamwagika, na Arbia akaangua kilio. Katikati ya vumbi alisikia sauti ya Nunow ikimwita kutoka juu ya lori.

"Abaayo, usilie! Toa vyombo vya Shamso kabla paa halijashuka!"

Arbia akaingia mbio. Alipotoka na sufuria na mkeka, lori lilikuwa limeshaondoka.