Mtoto Mgongoni

Msiniambie habari za kamati. Wanaoniona mkali wanivumilie, ukali ndio niliobaki nao.

Marehemu mume wangu Fridolin alikuwa fundi wa mitumbwi na vinu hapa Ifakara. Mwaka tisini mtumbwi ulipinduka katika mto Kilombero nikiwa ndani, na binti yetu Levina, wa miaka miwili, mgongoni. Maji yalifungua kitenge. Mimi waliniokoa. Levina hakuonekana, hatukupata cha kuzika, na picha yake hatukuwahi kupiga.

Baada ya mwezi Fridolin akaleta gogo la mwembe. Alichonga miaka mitatu, kila Jumapili baada ya misa. Akamtoa mama aliyebeba mtoto mgongoni, na yule mtoto, jamani, alikuwa Levina mwenyewe: paji pana, mdomo umebenuka kama anayetaka kulia, hata kovu la juu ya jicho alilipata.

Alipokufa Fridolin nikabaki na sanamu katika nyumba inayovuja, hapo mtaa wa Viwanja Sitini, mchwa wanakula mpaka milango. Niliposikia mji unatengeneza bustani karibu na soko na unapokea vitu vya kuipamba, nikaipeleka sanamu kwa mwenyekiti wa kamati ya bustani, Bwana Maximilian. Nilitaka kitu kimoja tu: Levina asimame mahali pakavu, asiliwe na mchwa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Sanamu nzuri sana. Hawa ni akina nani? Maana kama ni marehemu wa familia, hatuwezi kupokea. Bustani si makaburi."

Nikamjibu: "Si mtu yeyote. Ni mama tu na mtoto."

Akaandika hivyo kwenye karatasi, nikatia saini. Mdomo wangu huu, laiti ningeushona!

Walimweka vizuri, siwezi kusema uongo. Paa la bati, chini saruji. Kila nikitoka kuuza mchele nilipita upande wa nyuma, nikamgusa shavu, nikaenda zangu.

Ukaja mwezi wa kumi, mwezi wa rozari ya Bikira Maria. Sisi wa huku wengi asili yetu ni Mahenge, na mtu wa Mahenge, Mkatoliki wa kuzaliwa, akiona mama na mtoto anapiga ishara ya msalaba kabla hajauliza. Mama Theresia wa jumuiya yetu ya kanisani akaleta maua. Kesho yake mishumaa. Wiki ya pili akina mama ishirini wamepiga magoti pale, wengine wametoka Kiberege. Nilipaswa kuwaambia. Sikuwaambia. Nilifurahi, ndiyo, naungama: mwanangu hakuwahi kuwashiwa hata mshumaa mmoja.

Basi Abdulkarim, mwenye duka la vitambaa, akaenda kwenye kamati. Simlaumu. Alisema kwa adabu kabisa kwamba bustani ni ya wote, na kama imegeuzwa kanisa watu waambiwe. Theresia akaja juu, Bikira Maria haondolewi na mtu! Mkutano ukaitishwa, ukumbi ukajaa, nikaitwa mbele.

"Mama Domitila, wewe ndiye uliyetoa," mwenyekiti akasema. "Huyu ni Bikira Maria?"

"Siye."

"Na mtoto?"

Nikaliona akilini gogo langu likirudishwa nyumbani kwa mkokoteni, mchwa wakilisubiri. Nikasema tena, "Mtoto tu."

"Basi dawa ni rahisi!" Maximilian akafurahi kweli. "Kinachowachanganya watu ni mtoto. Atolewe, abaki mama mkulima wa Kilombero. Hapo hakuna dini."

Watu wakapiga makofi. Hata Theresia, amenuna, akanyoosha mkono kukubali.

"Msimguse!" nikapiga kelele. "Ni mwanangu! Ni Levina wangu, aliyechukuliwa na maji!"

Wengine wakacheka. Mwenyekiti akainua karatasi yenye saini yangu. "Mama, ulipoitoa ulisema si mtu yeyote. Sasa hivi umesema mtoto tu. Leo hii hii amekuwa mwanao? Acha hizo. Sanamu ni mali ya umma."

Maneno yalikuwa yangu yote.

Asubuhi nikaenda mbio bustanini, nikachelewa. Evodius, seremala wa kamati, alikuwa ameshamkata mtoto, anapiga randa mgongo wa yule mama uwe laini. Mgongo mweupe, mtupu.

"Kipande kiko wapi?"

"Kile? Nimempa Paskazia, anachemshia chai," akasema, bila hata kuinua kichwa.

Paskazia ni mama lishe wa pale sokoni, mgeni kutoka Mlimba. Nilipofika sufuria ilikuwa inatokota. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono kati ya mafiga. Nilichotoa kilikuwa mguu mdogo na mikunjo ya kitenge. Uso ulikuwa umeshakuwa kaa la moto.

Paskazia akanimwagia maji ya ndoo mkononi. "Una wazimu, dada? Unajiunguza kwa ajili ya kuni?"

"Mwanangu," nikasema. "Mwanangu ameungua."

"Mungu wangu! Yuko wapi?"

Akatupa ndoo, akainama chini ya meza, akafunua magunia, akazunguka nyuma ya kibanda akiita watu waje kusaidia kumtafuta mtoto.