Jina Langu Liko Uwanjani

Mwaka 2013 nilikuwa mfungaji bora wa kombe la wafanyakazi mjini Doha. Mabao kumi na moja. Jina langu, Twaha Mbaruku, liliandikwa kwenye cheti, na cheti kikabandikwa ukutani katika ofisi ya michezo ya chuo tulichokuwa tukikilinda. Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na sita, goti la kulia limekwisha, na mara ya mwisho kupiga mpira ilikuwa Muheza, nikiwa darasa la sita.

Aliyefunga ni Silvesta, kijana wa Kakamega. Tulilala chumba kimoja kambini Industrial Area, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Kadi yake ya ukaazi ilikuwa imekwisha muda, na kampuni yetu ya ulinzi ilikuwa ikimwambia kesho, kesho, kwa miezi saba mfululizo. Bila kadi hai mtu haandikishwi kwenye mashindano. Githinji, mlinzi mwenzetu aliyekuwa akiifundisha timu, akaniomba yangu.

"Ni jina tu, mzee," aliniambia. "Hata hutasikia."

Wakaguzi walimtazama Silvesta, wakaitazama picha yangu yenye mvi kidevuni, wakasema pita. Kwao weusi wote tumezaliwa na mama mmoja, tena siku moja. Nilicheka wiki nzima. Ningejua yatakayokuja, kadi ile ningeitafuna na plastiki yake.

Mwaka uliofuata Githinji alimaliza mkataba akarudi kwao, na chuo kikaamua kwamba timu ile ya walinzi, wafagizi na madereva, kwa kuwa ilivaa jina la chuo, ipate kocha wa kweli. Wakamleta Kochi Fathi, Mmisri aliyewahi kucheza, mfupi, mwenye filimbi shingoni hata akiwa anakula. Alianza mwanzoni mwa Machi, joto likiwa bado la kibinadamu. Mazoezi yakawa mara nne kwa wiki, alasiri, na Ijumaa ndiyo siku kubwa. Wenye zamu za usiku walikimbia wakisinzia. Aliyechelewa dakika moja alizunguka uwanja mara kumi.

Alikuta orodha ya mwaka uliopita na mfungaji bora wake, akaijenga timu nzima juu ya Twaha, yaani Silvesta, ambaye kadi yake ilikuwa bado kesho, kesho. Kisha akabandika karatasi mlangoni: mchezaji yeyote haondoki Qatar mpaka kombe liishe, mwisho wa Aprili. Jina la kwanza lilikuwa langu.

Mimi pia nilikuwa uwanjani kila siku. Kochi alitaka mtu wa maji, Silvesta akanipendekeza ili kadi iwe karibu ikiulizwa. Kwa hiyo nilikaa pembeni na ndoo na chupa, nikilisikiliza jina langu likizomewa na kusifiwa. Twaha, panda! Twaha, mlegevu wewe, rudi! Siku za mwanzo nilikuwa nashtuka. Baadaye nikazoea, na kulizoea jambo lile kuliniudhi kuliko kushtuka.

Wiki ya pili ya Machi mdogo wangu Hassani akapiga simu kutoka Muheza. Warda, binti yangu wa pekee, amepata mchumba, mwalimu anayeitwa Ibrahimu, kijana mzuri, watu wake wanajulikana. Ila amepangiwa shule Kigoma na anatakiwa kuripoti, kwa hiyo ndoa ni Ijumaa, tarehe nne Aprili, baada ya swala ya alasiri. Haisogezeki.

Nataka nieleweke hapa. Nilimwacha Warda ana miaka kumi na minne. Nilikwenda likizo mara moja katika miaka saba. Ada yake ya shule niliituma, mashine yake ya kushonea niliituma, kila kitu cha baba nilikituma isipokuwa baba mwenyewe. Nilikuwa nimemwahidi jambo moja: siku ya ndoa yake nitaushika mkono wa bwana harusi mimi, kwa mkono wangu huu, nimwozeshe. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikinisimamisha getini kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku.

Nikaenda ofisi ya kampuni kuomba khuruji, karatasi ya ruhusa ambayo bila hiyo hupandi ndege hata uwe na tiketi tatu. Likizo yangu nilikuwa naidai tangu mwaka jana. Karani akalitafuta jina, akanitazama, akatabasamu.

"Wewe ni mchezaji wa chuo. Chuo ndio wateja wetu. Leta barua ya kochi."

Nilirudi kambini. Nikamweleza Silvesta. "Kwa kochi wewe ndiye Twaha. Basi nenda ukaniombee. Mwambie binti yako anaolewa."

"Mzee, mimi nina ishirini na sita. Binti yangu nani?"

"Basi mwambie dada yako! Mwambie chochote!"

Alikwenda. Akarudi ameinamisha kichwa. Kochi alikuwa amemwambia dada ataolewa vizuri tu bila yeye, na kwamba hata ikifika siku ya kufa, Twaha afe baada ya fainali.

Ikabaki njia moja: Twaha aache kuwa na faida. Nilikaa na Silvesta kwenye ngazi ya kambi nikampangia kila kitu. Acheze vibaya. Apige nje, achelewe, apoteze mipira, mpaka kochi achoke amkate kwenye orodha, na jina likishakatwa, mimi nimekwenda. Mwaka ujao atacheza kwa kadi yake mwenyewe. Aliniitikia. Alinipa mkono kabisa.

Ijumaa iliyofuata alijitahidi, sikatai. Nusu ya kwanza ya mazoezi alicheza kama mimi. Alianguka peke yake. Kochi akapiga filimbi, akasema kama Twaha ameamua kulala, wenzake watakimbia kwa niaba yake, na akawazungusha uwanja wote ishirini na wawili huku Silvesta amesimama katikati akitazama. Walipita mbele yake wakihema, mmoja mmoja. Mfagizi mmoja wa Kinepali alitapika karibu na ndoo yangu.

Mchezo ukaanza tena. Dakika ya pili ikaja krosi kutoka kulia, ya juu, mbaya, ya kuachwa ipite. Silvesta akaruka. Mpira ukagonga paji la uso ukaingia pembeni mwa mlingoti, na kabla haujatulia wavuni alikuwa anakimbia mikono juu, na uwanja mzima unaliimba jina langu.

Nilimsubiri kwenye basi la kampuni. Nilimwita msaliti. Nilimwita na mengine ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wenye heshima zao.

"Nilijaribu, mzee. Wallahi nilijaribu," akasema, na hata si Mwislamu.

"Ungejaribu, mpira ungepita!"

"Miguu ilikataa." Alikuwa anatazama dirishani. "Hii kazi yetu unaijua. Simama hapa, usikae, usisonge, usiongee na mtu. Masaa kumi na mbili. Hapo ndani ya uwanja ndio mahali pekee hakuna mtu ananiambia nisisonge. Mpira ukikuja siwezi jiambia nisisonge pia. Nisamehe, buda. Siwezi tu."

Sikumsamehe. Lakini na mimi nilisimama geti lilelile.

Zikabaki siku tisa. Nikaamua kusema kweli, liwalo na liwe. Nilimfuata Kochi Fathi ofisini kwake alasiri, kabla ya mazoezi, nikafunga mlango. Kwa Kiarabu chetu cha getini nikamwambia: Twaha ni mimi. Yule anayefunga mabao ni mtu mwingine. Mimi sichezi, sijawahi kucheza, nina binti anaolewa, naomba barua.

Hakushtuka. Alinivutia kiti, akanimiminia chai.

"Najua, ya hajji," alisema, kama wanavyomwita mzee kwao. "Nimejua tangu wiki ya kwanza. Unadhani mimi sioni? Kadi inasema amezaliwa sitini na saba. Mtu wa sitini na saba haruki hivyo."

Nilidhani nimepona. Nilianza hata kumshukuru.

"Sasa nisikilize," akaendelea, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. "Mwaka huu kadi zinakaguliwa kwa mashine. Mwenye kadi akitoka nchini, mashine inasema ametoka. Ukipanda ndege wewe, Silvesta hachezi. Silvesta asipocheza, sina timu. Nisipopata kombe, mkataba wangu unaisha Mei. Mimi nina watoto wanne Mansura, sijawaona miaka mitatu. Unafikiri khuruji yangu naishika mimi mwenyewe?"

"Basi nitakwenda kusema ofisini."

"Kaseme. Silvesta atalala ndani kwa kutumia kadi ya mtu, na wewe kwa kumpa. Na tarehe nne utakuwa ndani bado." Akaisogeza sukari kwangu. "Kunywa chai."

Nilikunywa. Mtu unaponyang'anywa kila kitu kwa adabu, unashindwa hata kujua uanzie wapi kupiga kelele. Nilitoka pale nikaenda kujaza chupa za maji, maana mazoezi yalikuwa yanaanza.

Nilimwambia Hassani kwamba sitafika. Akasema sheria ya dini inaruhusu. Baba aliye mbali anaweza kumpa mtu uwakili kwa simu, mashahidi wawili wasikie, na yeye Hassani ataushika mkono wa bwana harusi kwa niaba yangu. Warda mwenyewe hakuja kwenye simu. Mama yake alisema anapakwa hina.

Ijumaa, tarehe nne Aprili. Saa za Doha na za Muheza ni moja, kwa hiyo walipotoka kuswali kule, sisi tulikuwa uwanjani. Niliomba ruhusa ya kubaki kambini nikanyimwa, kwani ile ndiyo siku ya majaribio ya mwisho. Simu ikalia nikiwa nimeishika chupa. Nikaziba sikio moja.

"Kaka, tuko tayari," sauti ya Hassani. "Sheikh yupo, mashahidi wapo. Nimeweka spika."

Uwanjani walikuwa wanapiga kelele. Twaha! Twaha, krosi! Sikusikia sheikh alichouliza. Nikasema samahani, sheikh, rudia. Akarudia, nikasikia nusu. Nikainuka, nikavuka mstari nikiwa na simu, nikaingia katikati ya mchezo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya mfungaji bora, na nikampigia kelele Kochi Fathi kwa nguvu zangu zote.

"Namwozesha mwanangu! Nyamazeni!"

Kochi akaitazama simu. Akaelewa. Akapuliza filimbi ndefu, akawaashiria wote wakae chini. Wakakaa palepale walipokuwa, hata wasiojua kinachoendelea. Silvesta alikaa karibu na goli, uso kwenye magoti. Uwanja ukawa kimya kabisa.

"Wewe ni nani?" sheikh akauliza.

"Twaha bin Mbaruku."

"Kuna anayeitambua sauti?"

Nikasikia mchakacho wa nguo, mlango, minong'ono ya wanawake. Kisha Warda, kutoka mbali: "Ni yeye. Ni baba."

Nikasema maneno yangu. Nimekuwakilisha wewe Hassani umwozeshe binti yangu Warda kwa Ibrahimu, kwa mahari waliyokubaliana. Nikasikia Hassani akiozesha, nikasikia kijana nisiyemjua akisema nimekubali, na vigelegele vikaipasua simu mpaka salio likaisha.

Nilipoinua kichwa, Kochi Fathi alikuwa amesimama mbele yangu, machozi yanamtiririka. Machozi ya kweli, si ya kuigiza. Akanikumbatia, filimbi yake ikanichoma kifuani. Akainua mikono akamwombea dua Warda, dua nzuri ndefu: kheri, watoto wema, baraka katika nyumba yake, na Mungu amkutanishe na baba yake karibuni. Mikono ileile ambayo ingeweza kuandika ile barua ya mistari mitatu.

Na mimi nikainua yangu. Nilitaka kumtemea mate, nilitaka kumkaba, lakini mikono ilipanda yenyewe, na kila alipotua nikasema amina. Kwa sauti. Amina, amina, mpaka alipomaliza, akajifuta uso, akapuliza filimbi.