Faili Lisilo na Sura

Dereva wa basi la shule alikuwa amekaa kwenye benchi la korido tangu saa mbili asubuhi, kofia magotini, akisubiri watu ambao hawajamuuliza hata neno moja waamue kama ana akili timamu. Hilo ndilo lililomkera karani wa kituo. Lakini mkuu wa kituo kile cha saikolojia alikuwa na kanuni aliyoipenda kuliko mkewe: mgonjwa hajadiliwi kwa jina wala kwa sura. Sura hudanganya, alisema. Majibu ya fomu yapigwe chapa, yapewe namba, wataalamu wasome. Na mafaili ya kikao aliyachagua mwenyewe, kwa mkono wake.

Kosa la dereva lilikuwa moja tu. Wiki iliyopita aligoma kuliondoa basi kwa sababu breki hazishiki. Mwenye shule akaandika barua kwamba dereva wake kapatwa na woga usio na sababu, akataka apimwe. Akionekana mzima, neno lake litasikilizwa na breki zitatengenezwa. Akionekana mgonjwa, saa sita mchana funguo anapewa mtu mwingine, na watoto wanapanda basi lile lile.

"Dada yangu," alimwambia karani asubuhi ile, "mimi siogopi barabara. Naogopa breki. Waambie waniulize tu."

Wamuulize? Thubutu! Kikao kilianza, kama kila Jumatano, kwa historia. Mkuu hakuweza kumpima mtu bila kupitia kwanza karne kadhaa. Alipanga kalamu zake tano mezani kwa urefu, akakohoa, akaanza na wa kale waliosema akili inakaa moyoni, akaja kwa waliopapasa mafuvu ya watu wakitafuta vinundu vya wizi, akafika kwa wa kumlaza mgonjwa kwenye kochi asimulie ndoto, na wa kupiga kengele mpaka mbwa adondokwe na mate. Karani aliandika "historia, kama kawaida," akatazama saa. Ilikuwa saa nne na nusu.

Ndipo Mkuu akafungua faili, akasoma. Mhusika hawezi kuanza kazi mpaka vitu vyake vinyooke kwenye mstari. Anaamini wenzake wote wanamwonea wivu. Hapendi kutazamwa usoni.

Karani alishtuka. Maneno yale aliyapiga chapa kwa vidole vyake mwenyewe, na hayakuwa ya dereva.

"Samahani, Mkuu, hilo faili..."

"Karani, kazi yako ni kuandika."

Haya. Akaandika.

Kati ya wataalamu watatu wa kikao, Mama Utoto, kama karani alivyomwita moyoni, mpatanishi wa wanandoa, alikuwa wa kwanza kusema. "Huyu aliachishwa ziwa mapema. Mpaka leo anamtafuta mama yake."

"Ziwa la nini?" alidakia Bwana Tuzo, mrekebishaji wa wafungwa magerezani. "Tabia hufunzwa. Alipanga vitu, akasifiwa, akapanga tena. Mnyimeni sifa mwezi mmoja muone."

"Shida ni fikra zake," alisema Bwana Fikra, ambaye makampuni yalimlipa ayachujie waomba kazi. "Anajiona mkubwa na hana ukubwa wowote. Mimi nisingemwajiri hata kulinda geti."

Wakapandishiana sauti. Watatu hawa hawakuwahi kukubaliana hata juu ya kufungua dirisha. Kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake mkononi, akitafuta tu mtu wa kumvisha. Jambo moja halikuwa na mpinzani: mhusika ni mgonjwa. Mkuu aligonga meza.

"Mtu wa namna hii hafai kukabidhiwa roho za watu. Aondolewe kazini leo hii."

Akasaini. Nao wakasaini. Nyani haoni kundule.

Karani alimfikiria yule mtu wa benchini, na hasira zikaushinda woga. "Kwa ajili ya kumbukumbu, Mkuu. Hili ni faili namba kumi na saba. Ni fomu ya majaribio uliyojaza wewe mwenyewe siku fomu mpya zilipoletwa. La dereva ni kumi na nane."

Mkuu alinyoosha mkono kuiweka sawa kalamu moja, akaurudisha haraka. Mama Utoto alipotelea ndani ya mkoba wake. Bwana Tuzo, aliyetaka mhusika anyimwe sifa, alisema mpangilio ule ni wa kupigiwa mfano. Bwana Fikra naye akaona sasa kwamba kujiamini ndiyo dalili ya kiongozi.

"Futa," alisema Mkuu.

"Mmeshasaini, Mkuu."

"Basi andika upya! Mhusika ni mzima kabisa!"

"Na wa kumi na nane? Ukurasa wa kwanza kabisa anasema breki hazishiki."

Hakuna aliyetaka kufungua faili jingine siku ile. Mkuu alijifuta jasho. "Naye mzima. Wote wawili wazima, sawasawa, hakuna aliyemzidi mwenzake. Andika hivyo hivyo, lete nisaini."

Saa sita kasorobo karani alitoka na barua yenye muhuri. Dereva alisimama.

"Wamesemaje?"

"Wewe ni mzima. Imeandikwa: sawasawa na mkuu wa kituo."

Dereva aliisoma barua taratibu. "Mkuu ndiye yule aliyetoka asubuhi, nikamsalimia asiitikie, akanyoosha benchi nikiwa nimelikalia?"

"Ndiye huyo."

Furaha ikampungua usoni. "Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini, "hicho kipande cha mwisho hakifutiki? Mwenye shule anamfahamu yule bwana alivyo. Akikisoma, breki hazitengenezwi."