Mkono wa Fundi Shuaibu

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Fundi Shuaibu alikuwa kibarazani kwake, kisiwani Chovae, akinywa kahawa kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa haujarudi kutoka pwani. Mkewe, Mwanalima, aliuachia mlango wazi kadiri ya upana wa kiganja, na kizingitini akauwekea kitambaa cha kujifutia mchanga.

Mkono huo ulikuwa na miaka arubaini na mmoja ya kutia kalafati, yaani kusindilia pamba iliyolowa mafuta ya papa baina ya mbao za chombo, maji yasipite. Katika miaka yote hiyo haukuwahi kuficha ubao mbovu. Mbovu hung'olewa, basi.

Sasa Jumatatu ya juma hilo alikuja Gharibu, kakake Mwanalima, kutoka Kismayo. Mashua yake ilikuwa imeegemezwa juu ya magogo, na ubao wa tatu kutoka chini umeliwa na wadudu hata kidole chapenya. Jumamosi ilitakiwa ichukue watu wa Chovae kwenda harusini kwa bintiye.

"Sindilia pamba, upake rangi juu, shemeji," akasema Gharibu. "Harusi haingoji ubao."

Shuaibu akaona muhali. Shemeji humwambii hapana usoni. "Haya," akasema, akasindilia.

Walipokaa kula, mkono wa kulia wa Shuaibu ukachomoka kifundoni, pasi damu, kama kaa aachavyo gando. Ukateremka njia ya pwani kwa vidole vyake, ukaing'oa pamba yote, ukaipanga mchangani. Jumanne Shuaibu akairudisha kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ukaing'oa. Jumatano vivyo hivyo.

"Mkono wako hauna adabu, shemeji," Gharibu alilalamika Alhamisi hiyo, kikombe mkononi.

"Adabu unayo. Hauna muhali tu."

Mwanalima alikuwa akichagua mchele, hakuinua uso. "Miaka yote waufunza kazi moja, leo wautakia nyingine? Mchu ni mkonowe, mtu hana mwingine."

Shuaibu akaweka kikombe chini, akashuka pwani, Gharibu nyuma yake. Mkono ulikuwa umeketi juu ya gogo, wangoja.

"Sitii pamba," akasema mbele ya watu. "Ubao utoke." Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia jamaa, na alisema kwa kigugumizi. Mkono ukampanda, ukarudi kifundoni mwake, baridi, wanuka papa.

Gharibu akamleta fundi mwingine kutoka Burgao, ambaye mikono yake ilikaa mahali pake. Kufika Ijumaa jioni mashua ilikuwa imepakwa kijani kizuri.

Jumamosi asubuhi Shuaibu alisimama majini hadi magotini, akimwambia kila apandaye, "Ubao wa tatu ni mbovu."

"Twajua, fundi," akajibu Bi Kuluthumu, jirani yake, mkeka wa zawadi kichwani. "Mchu akikualika harusini kwa bintiye, utamwambia hupandi? Nishike mkono huo wako mkaidi, nisiteleze."

Akaushika, akapanda. Wakapanda na wengine ishirini na wawili.

Mashua ikaondoka polepole, imelala upande mmoja. Shuaibu akasukuma majini hori lake, mtumbwi mdogo, kuifuata, akatia ndoo mbili, kamba na gunia la pamba. Mwanalima akakunja buibui, akaingia, akaipakata ndoo moja.

Mkono wa kulia ulishika kasia bila kuulizwa. Wa kushoto, uliokuwa bado wajifunza, ukafuata.