Mashine za Ghorofa ya Tatu

Treni, mama aliyebandikwa jina hilo na wenzake kazini kwa mbio zake, alikuwa amekwisha kukimbia alfajiri, akaoga kwa ndoo, akala kiporo amesimama, na sasa alikuwa akivuta mashuka mabichi kutoka kwenye tumbo la mashine ya kufulia. Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, na mvuke wake ulikuwa unawafanya wote mle ndani waonekane kama wanatoka kulia.

"Treni, leo si siku yako ya kupigwa picha?" aliuliza mzee wa pasi bila kuinua macho. "Mbona hujajipaka hata mafuta?"

"Wanapiga picha miguu, mzee wangu, si uso."

"Basi paka miguu!"

Wakacheka. Hata yeye alicheka, ingawa paja la kulia lilikuwa limemkaza tangu asubuhi.

Kukimbia hakufundishwa na mtu. Alikuwa akikimbia tu kwenda kazini, kuokoa nauli. Halafu siku moja alipeleka mashuka safi wodi ya watoto njiti, akakuta vichanga watatu wamelazwa ndani ya mashine moja ya joto, wamebanana kama mikate kwenye trei. Alisimama pale mpaka Matroni akamshika bega.

"Wewe mama unakimbia kila siku bure," Matroni alimwambia siku ile. "Kimbia kwa ajili ya hawa. Watu watachanga."

Kweli watu walichanga. Treni alikimbia marathoni nne, katika miji minne, kwa siku zake za likizo. Mbio za pili zilimng'oa kucha mbili. Kwenye za nne Matroni mwenyewe aliingia, akakimbia naye bega kwa bega tangu mwanzo hadi mwisho, wanatiana moyo, wanagawana chupa moja ya maji. Mkurugenzi wa hospitali akatangaza kwamba mashine mbili mpya zimeshanunuliwa, akapigiwa makofi. Tangu hapo, kila Treni alipouliza, Matroni alimjibu lile lile: bado ziko bandarini, karatasi tu zimebaki.

Na Treni aliwajibu wengine hivyo hivyo. Juzi alimjibu hata wifi yake, mke wa mdogo wake, aliyejifungua mimba ya miezi saba na sasa alikuwa amekaa wodini chini, mtoto kafungwa kifuani kwa shuka.

"Wifi, hizo mashine zako zinafika lini?"

"Zipo njiani, wifi. Vumilia kidogo."

Saa sita mchana wangekusanyika uani, Mkurugenzi amkabidhi fulana ya mbio za tano. Waandishi wa habari walikuwa wamealikwa. Lakini kabla ya hapo, yule dada wa kupeleka mashuka jengo la kulipia alipiga simu kwamba anaumwa, na msimamizi akamnyooshea Treni kidole.

"Peleka wewe. Ghorofa ya tatu. Viatu uvifute, huko si kama huku."

Ghorofa ya tatu kulikuwa na ubaridi mzuri, na sakafu ilikuwa inang'aa kiasi cha kumwonyesha uso wake. Aliingiza toroli kwenye chumba alichoelekezwa. Akaona mashine ya joto, mpya, kioo chake safi kama maji. Ndani alilala mtoto mmoja, mnono kuliko kichanga chochote cha wodi ya chini, kofia ya sufu kichwani. Pembeni yake ilikuwepo ya pili. Haikuwa na mtu. Ilikuwa imewashwa, taa yake ya kijani inawaka, inapasha joto godoro tupu.

Ubavuni mwa ile tupu palikuwa na kibandiko cha kiatu cha kukimbilia chenye mabawa. Kibandiko hicho, nembo ya mbio zake za kuchangisha, alikichora mtoto wake wa kiume, na Matroni ndiye aliyepeleka mchoro kwa wachapaji. Mtu alikuwa amejaribu kukibandua, kikagoma, kikabaki na bawa moja.

Nesi kijana aliyekuwa akiandika joto la mtoto alimtabasamia. "Mashuka weka hapo, mama."

"Mashine hizi zimekuja lini?"

"Mimi nimezikuta. Nina miezi minane hapa."

Treni aliweka mashuka. Aliyapanga vizuri, kona kwa kona, kama anavyoyapanga siku zote, kwa sababu mikono haikujua la kufanya jingine. Minane. Miezi minane iliyopita wifi yake hata mimba hakuwa nayo. Na ndani ya miezi hiyo minane ni akina mama wangapi walioambiwa habari za bandari, na kwa mdomo wake yeye?

"Hii tupu inamsubiri nani?"

"Hamna mtu. Ni ya akiba, akitokea mteja." Simu ya ukutani ikalia, na nesi akatoka kwenda kuipokea.

Treni alichomoa waya ukutani. Mashine ikapiga kelele kidogo, piii, kisha ikanyamaza. Akaukunja waya juu ya kifuniko, akafungua breki za magurudumu kama anavyofungua za toroli, akasukuma.

Lifti ilikuwa imeharibika tangu wiki iliyopita, kwa hiyo akaishika njia ya mteremko inayotumika kwa vitanda. Mashine ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Ilitaka kumkimbia. Alilazimika kuizuia kwa kuegemea nyuma, visigino vimekanyaga kwa nguvu, paja la kulia linawaka moto, hatua fupi fupi. Kwenye kona ya ghorofa ya kwanza alikutana na mlinzi.

"Treni! Hiyo inakwenda wapi?"

"Chini."

"Una kibali?"

"Sina."

Mlinzi aliitazama mashine, akamtazama yeye, jasho linavyomchuruzika shingoni. Mke wake alikuwa amejifungulia wodi ile ile ya chini.

"Basi mimi nilikuwa chooni," alisema, na akaenda zake.

Nesi mkuu wa wodi ya njiti hakuuliza swali hata moja. Aliifuta mashine kwa dawa, akaichomeka, akasubiri ipate joto, akiwa amesimama mbele yake kama mtu anayelinda sufuria isifurike. Kisha akamfungua mtoto wa wifi kifuani, akamlaza. Akamtoa na mwingine kwenye mashine ya zamani, akamlaza ubavuni pake.

"Wifi!" mke wa mdogo wake alisema, machozi yanamlenga. "Kumbe zimefika! Nawe hukuniambia!"

Treni aliinama, akafunga breki za magurudumu.

Matroni aliingia anahema, walinzi wawili nyuma yake. Alipoona watoto ndani ya kioo akawapungia wale walinzi mkono wasubiri mlangoni.

"Njoo tuongee nje," alisema kwa sauti ya chini.

"Tuongee hapa hapa, Matroni."

"Jengo la kulipia ndilo linalotulisha sote, unalijua hilo. Mkurugenzi alisema ni miezi michache tu, lipate wateja, kisha zishushwe. Ningefanya nini? Ningegombana naye, nifukuzwe, na hizo mashine zibaki huko huko?"

"Ungeniambia."

"Ungeacha kukimbia."

"Ndiyo," alisema Treni. "Ningeacha."

Matroni akayahamishia macho yake kwenye viatu vyake.

"Tulikimbia pamoja kutwa nzima," Treni aliendelea. Sauti yake haikupanda. "Nilipoishiwa pumzi ulinishika mkono ukaniambia, fikiria watoto, dada yangu, fikiria watoto. Zilikuwa zimeshafika?"

Kutoka uani ilisikika sauti ya kipaza sauti kikijaribiwa, moja, mbili, moja, mbili, na mtu akiuliza mwanariadha wetu yuko wapi.

"Zilikuwa zimeshafika?"

"Zilikuwa na wiki tatu," alisema Matroni.

Ndipo akanyoosha mgongo na kurudi kuwa matroni. "Watoto wakilala vizuri leo, kesho asubuhi irudishwe juu. Siwezi kukuombea zaidi ya hapo. Na wewe usirudi kule chini kufua. Kitambulisho umwachie mlinzi getini." Kisha, kwa sauti nyingine, "Nenda japo uichukue hiyo fulana. Wanasubiri."

Treni alilipita toroli la dawa, akaenda mpaka kwenye ukuta ule mashine ilipochomekwa. Akageuka, akajishusha polepole huku ameshikilia paja, akaketi sakafuni, mgongo ukiwa umeiziba soketi. Akavua viatu, akanyoosha miguu katikati ya njia.

"Waambie nimechoka," alisema.