Unga wa Neville

Nilisikia kwenye foleni ya bucha hapa mjini kwetu Oldham: eti msichana wa mji jirani ameng'olewa jicho kwa sababu ya ule unga unaometameta anaojipaka mwanangu Neville akiimba. Wenzangu walicheka, wakidhani ni uvumi. Mimi nilirudi nyumbani bila nyama.

Nilijua unga ule ulikotoka. Neville alipoimba mara ya kwanza kwenye klabu ya wafanyakazi, hakuwa na cha kujipambia. Nikachukua mipira ya kioo ya mti wa Krismasi, nikaifunga kwenye leso, nikaiponda, nikampaka kwa mafuta ya mgando. Mashavuni tu. Miaka miwili baadaye santuri zake ziko kila nyumba, vijana wa kiwanda cha pamba wananyoa nyusi na kuvaa viatu vya soli nene kama matofali, naye anajigamba gazetini: "Mama ndiye hunisagia mapambo ya Krismasi."

Alhamisi moja Neville alikuwa aimbe kwenye televisheni. Nilipokwenda kutupa takataka, nikaona kwenye pipa la jirani yangu Edna vifuniko vya bati vya mipira kama ile, bila vioo vyake. Edna alikuwa zamu kiwandani. Nikaingia kwake mbio. Binti yake Lorraine, wa miaka kumi na minne, alikuwa amejifungia bafuni.

"Lorraine! Umejipaka wapi?"

"Kwenye kope, shangazi. Leo namshinda Neville wako!"

"Usijiguse! Fungua mlango."

"Wivu huo! Si wewe uliyeanza?"

"Ndiyo, ni mimi. Fungua, mwanangu, hicho ni kioo."

Kisha sauti ndogo: "Shangazi, kinachoma."

Alifungua, mkono tayari unaelekea jichoni. Nikamkamata mikono yote miwili. Alinipiga mateke, akalia anataka kusugua. Sikumwachia mpaka hospitali. Daktari alitoa chembe tatu. Jicho limebaki, lakini linaona ukungu.

Nikampigia Neville simu, nikamwambia awaambie watu hatari ya unga ule.

"Mama, wataniona mjinga."

"Basi wakuone mjinga. Wakiwa na macho watakuona."

Hajasema mpaka leo. Kwa hiyo nasema mimi:

Msiponde mapambo ya kioo.
Msipake kinachometameta karibu na jicho, hata kama ni cha dukani.
Kikiingia, msisugue.
Msimwache mtoto ajifungie bafuni siku ya kipindi cha televisheni.
Msingoje mzazi atoke zamu ndipo mwende hospitali.