Mstari wa Wilmar Techera

Saa tatu asubuhi, mwezi wa Februari, Wilmar Techera aliweka kidole kwenye ubao wa kioo, na mstari wa buluu ukaanza kutoka ukitetemeka. Ulipanda kwa meno madogo kama ya msumeno, ukashuka vivyo hivyo, ukafika ukingoni. Alipoondoa kidole, Profesa Berrutti alikuwa tayari anacheka.

"Nilikuomba kilele kimoja na bonde moja," alisema. "Nchi nzima haina mlima, wewe umetuletea safu yake."

Mirta Bentancor, aliyeketi katikati yetu, alicheka naye. Kicheko kifupi, cha puani. Tulikuwa jopo la watahini watatu katika sekondari yetu mjini Melo, na kwa utaratibu wa jopo mtahiniwa hufaulu wakimkubali wawili. Berrutti, profesa kama tunavyowaita walimu wa sekondari, alikuwa mwenyekiti. Ndiye pia aliyekuwa akimimina yerba, chai yetu chungu ya majani: kibuyu kimoja, mrija mmoja wa chuma, midomo mitatu. Kila alipomaliza zamu yake aliufyonza mrija mpaka ukakoroma, na povu la kijani likabaki pembeni mwa mdomo wake. Hakulifuta.

Techera alikuwa na miaka thelathini na nne. Mikono yake ilitetemeka tangu utotoni, kama ya baba yake. Mchana alipanga dawa katika ghala la hospitali, jioni alisoma. Lilimbakia somo hili moja kabla ya kuingia chuo cha ualimu, na usajili wa chuo ulikuwa unafungwa Ijumaa hiyo. Alitaka kufundisha hisabati. Berrutti aliyajua haya yote. Alikuwa amemfundisha akiwa mtoto.

Programu ya grafu iliyomo kwenye ubao ule ina njia nyingi za kuchora. Unaweza kuandika kanuni kwa vitufe na grafu ikatokea safi. Unaweza kuweka nukta. Na ipo kalamu ya mkono huru, ambayo unaiendesha kwa kidole. Ukichora duara bovu, kalamu hiyo inakusamehe: inalinyoosha na kukupa duara kamili. Lakini ukichora mstari unaokwenda kutoka kushoto hadi kulia bila kurudi nyuma, haisahihishi kitu. Inauamini ulivyo. Ukiiomba grafu ya mteremko wa mstari huo, inapima kila mtikisiko wa kidole chako na kuukuza. Katika njia zote zilizokuwapo, Berrutti aliichagua hiyo.

"Profesa, naomba niandike kanuni," Techera alisema. "Ninayo kichwani."

"Kanuni hata kasuku anaitaja. Chora, kijana wangu."

Alichora tena. Safari hii aliukamata mkono wa kulia kwa wa kushoto, na ikawa mikono miwili inatetemeka badala ya mmoja. Jasho lake lilibaki kwenye kioo, michirizi yenye mafuta iliyong'aa kwenye mwanga wa dirisha. Berrutti aliinua kibuyu kuelekea ubao, kama mtu anayemtakia mwenzake afya.

"Mwalimu wa kesho huyo. Wanafunzi watapata kizunguzungu."

"Mtihani ni wa hisabati," nilisema.

"Zulma, binti yangu, na ubaoni ataandika nani? Mama yake?"

Mirta alicheka tena, kisha akaangalia saa ya ukutani. Basi lake la kurudi mjini Tacuarembó lilikuwa la mchana.

Berrutti amestaafu sasa. Chumba kile kimepewa jina lake, na kila Machi nawaingiza wanafunzi wapya wakipita chini ya kibao cha shaba ambacho mtu analipwa kukisugua. Kwenye hafla ya kukizindua alisifiwa kuwa mkali lakini mwenye haki. Nilitoka nje kabla ya keki.

Mara ya tatu Techera hakuushika mkono. Aliuacha utikisike ulivyotaka, akaiita grafu ya mteremko mwenyewe, na ubao ukajaa miiba ya rangi nyekundu.

"Kila mwiba unapokata mstari wa sifuri," alisema, bila kupandisha sauti, "mchoro wangu una kilele au bonde. Hapa kilele. Hapa bonde. Hapa kilele." Alitaja vyote, kimoja kimoja, kutoka kushoto hadi kulia. Vyote vilikuwa sahihi. Swali la mwanzo, la hesabu za mipaka, alikuwa amelijibu nusu tu; hilo nalo ni kweli, na nililihesabu.

Tulimtoa nje tukaketi kutoa alama. Kwetu sita kati ya kumi na mbili ni kufaulu.

"Tatu," alisema Berrutti.

"Nane," nilisema.

Ilibaki alama ya Mirta. Berrutti alimimina maji, kibuyu kikafurika povu, akaninyooshea. Mrija ulikuwa bado umelowa mdomo wake.

"Asante," nilisema.

Kwetu unamwambia mmiminaji asante ukishatosheka tu, ili usiongezwe tena. Na hapo nilikuwa nimekunywa mara moja tu asubuhi nzima. Kibuyu kilibaki hewani. Berrutti alinitazama, kisha akakisogeza kwa Mirta kama vile mimi sipo.

Mirta aliuangalia mrija. Akaangalia ubao, ile michirizi ya jasho juu ya miiba myekundu. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtu mwenye basi.

"Mimi pia, asante," alisema. Halafu: "Sita."

"Mirta, acha mchezo."

"Amejibu, Profesa. Sita."

"Basi sita. Haitaongezeka hata robo."

Berrutti akakinywa kibuyu mwenyewe mpaka mrija ukakoroma.

Techera aliitwa, akasimama karibu na mlango. Mirta ndiye aliyemsomea alama. Techera aliuliza kama anaweza kupata cheti cha muda siku hiyohiyo, akajibiwa ofisi hufunga saa sita. Alimpa Mirta mkono wa shukrani, akanipa na mimi. Mkono wake ulikuwa baridi, na ulitetemeka ndani ya wangu.

Berrutti aliinuka, akatabasamu, akanyoosha wake.

"Hongera, mwenzetu."

Techera aliingiza mkono mfukoni, akatoka.